Rangi ya Nguzo za Saruji na Mbao za Ua

Mtu akisimamisha ua wa nguzo za saruji na vipande vya mbao, hutaka upendeze siku ile ile. Nguzo zikitolewa katika kalibu Jumatatu, Jumamosi mafundi wamekwisha shika burashi, na rangi waliyoichagua ni ile ya mafuta ing'aayo, kwa kuwa ndiyo ya bei kubwa, na watu hudhani kitu cha bei kubwa hakiharibiki. Mvua za kwanza zikinyesha rangi huvimba kama ngozi iliyoungua, kisha hubambuka vipande vipande. Hapo lawama humwangukia mwenye duka, kwamba ameuza rangi mbovu. Mara nyingi mwenye duka hana kosa lolote.

Naliona jambo hili katika shule moja ambayo sitaitaja. Wazee walichanga fedha mwaka mzima, ua ukajengwa vizuri, nguzo zikapakwa rangi ya kijani kabla hazijatimiza juma mbili. Hata muhula haujaisha, watoto walikuwa wakiibandua rangi ile kwa kucha wakati wa mapumziko. Fedha zimekwenda, na wazee hawataki kusikia tena habari ya mchango. Kwa ajili hiyo naona yafaa walimu na wakuu wa vijiji wajue saruji ni kitu gani, kabla hawajatoa fedha za watu kununua rangi.

Saruji tuitumiayo ni ya namna iliyopewa hati huko Uingereza mwaka 1824 kwa jina la Joseph Aspdin, mwashi wa mji wa Leeds. Aliiita Portland kwa kuwa ikikauka aliifananisha na mawe ya kisiwa cha jina hilo. Kutia chuma ndani yake kulienea baadaye, na mmoja wa walioanza alikuwa mtunza bustani Mfaransa, Joseph Monier, aliyepata hati yake mwaka 1867 kwa vyungu vikubwa vya kupandia miti. Basi nguzo ya saruji yenye nondo si mgeni bustanini.

Watu husema saruji "imekauka", lakini haikauki kama udongo ukaukavyo juani. Saruji huyashika maji na kuungana nayo, na katika kuungana huko ndimo ipatamo nguvu. Ndiyo sababu nguzo mpya hufunikwa magunia na kunyunyiziwa maji kwa muda wa siku saba hivi. Ikiachwa juani mara moja huwa dhaifu na hupasuka. Tena katika kazi hiyo saruji huzaa chokaa ndani yake, na chokaa hiyo ni kali. Fundi aliyeshika saruji mbichi kwa mikono mitupu kutwa nzima ajua ukali huo jioni.

Sasa fikirini jinsi sabuni ifanyikavyo. Mafuta huchanganywa na maji ya magadi makali, nayo mafuta hayabaki mafuta tena, bali hugeuka sabuni. Rangi ya mafuta ikipakwa juu ya saruji changa, mambo ni yale yale: ukali wa saruji huyala mafuta yaliyomo katika rangi, nayo hulainika na kunata chini kwa chini, ingawa juu yaonekana nzima. Mpakaji amefanya sabuni juu ya nguzo bila kujua. Zaidi ya hayo, maji yaliyobaki ndani yatafuta njia ya kutoka, na yakikuta ngozi ya rangi isiyopitisha kitu huisukuma mpaka itoke.

Kwa hiyo shauri la kwanza ni kungoja. Mafundi wakubwa hupima nguvu ya saruji ikitimiza siku 28, nasi tufuate hesabu hiyo: majuma manne kamili tangu nguzo kutengenezwa, na zaidi ikiwa ni masika. Lakini siku peke yake hazitoshi kuwa ushahidi, hivyo nguzo ijaribiwe. Chukua kipande cha nailoni kisichotoboka, ukigandishe juu ya nguzo kwa gundi ya utepe pande zote nne, pasiwe na hewa ipitayo. Kigandishe jioni, ukifungue kesho yake adhuhuri. Ukiona matone ya maji chini ya nailoni, au saruji imegeuka nyeusi mahali pale, nguzo bado. Kisha nyunyiza maji juu ya nguzo. Yakinywewa ni vema; yakisimama kama umande juu ya jani la gimbi, fahamu kuwa yamebaki mafuta waliyopaka ndani ya kalibu, nayo sharti yasuguliwe kwa maji ya moto na sabuni. Mwisho pitisha kiganja: kikitoka cheupe, futa unga ule kwa burashi kavu ngumu kabla ya jambo lingine.

Katika kuchagua rangi, mimi naiweka chokaa mbele. Watu wa pwani wanaijua tangu zamani. Majengo ya mawe ya Kilwa, Gedi na Lamu yalijengwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe ya baharini, na nyumba zikapakwa chokaa hiyo hiyo. Chokaa na saruji ni ndugu, hazigombani kwa ukali. Tena chokaa hupumua: unyevu upandao kutoka ardhini hupita ndani yake bila kuibambua. Kosa la wengi ni kuipaka nzito ili wamalize upesi. Ikorogwe nyepesi kama maziwa, ichujwe kwa kitambaa, nguzo iloweshwe kidogo kwanza, kisha ipakwe mara tatu au nne, na kila mara ingojwe mpaka kesho. Siku ya kwanza utaona kama hukufanya kitu, maana chokaa mbichi ni kama maji. Itakapokauka ndipo weupe wake hutokea.

Wako wenye desturi ya kutia chumvi katika chokaa ili ishike. Katika ukuta usio na chuma sitagombana nao, lakini nguzo ina nondo ndani, na chumvi ni adui mkubwa wa nondo. Kwa sababu hiyo pia mchanga wa ufukoni na maji ya bahari havifai kabisa katika kutengeneza nguzo hizi.

Chokaa iliyotoka tanuuni na ambayo haijaonja maji yataka tahadhari kubwa. Yatiwe maji kwanza katika chombo, kisha chokaa itiwe ndani ya maji kidogo kidogo, wala si maji kumwagwa juu ya chokaa, maana huchemka ghafula na kuruka usoni. Watoto wa shule wasipewe kazi hii. Chokaa ikiingia jichoni, lioshwe kwa maji safi mengi muda wa dakika 20 au zaidi, kisha mtu apelekwe hospitali, hata kama asema amepona.

Asiyetaka weupe na anunue rangi ya maji iliyofanywa kwa kuta za nje. Rangi ya mafuta juu ya saruji haifai ila pakipakwa kwanza rangi ya msingi inayostahimili ukali wa saruji, na mnunuzi asome maneno yaliyo juu ya kopo mwenyewe, asiridhike na kuambiwa.

Kuna jambo ambalo rangi haiwezi kuliponya. Ukiona nguzo ina ufa ulionyoka kutoka juu kwenda chini, na doa la rangi ya kahawia pembeni ya ufa, nondo imeshika kutu. Kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo huipasua saruji kutoka ndani. Kuficha ufa huo kwa rangi ni hatari, kwa maana ua wa shule huegemewa na watoto kila siku. Ondoa saruji yote iliyolegea, sugua nondo mpaka ing'ae, ziba kwa saruji kipimo kimoja na mchanga safi vipimo vitatu, kisha ngoja tena majuma yale manne. Nondo ikiwa imeliwa imekuwa nyembamba, ng'oa nguzo uweke nyingine.

Hatari nyingine imo katika rangi za zamani. Nyingi zilitiwa madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani limetangaza kwamba hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama mwilini. Mtoto aimezaye huweza kudhurika ubongo. Basi rangi kuukuu isikwanguliwe ikiwa kavu, wala isichomwe moto. Iloweshwe maji, ikwanguliwe juu ya turubai, na mabaki yakusanywe yote, watoto wakiwa mbali. Na unaponunua mpya, uliza isiyo na risasi.

Juu ya mbao maneno ni machache. Huko Uingereza, ambako ua wa namna hii ni wa kawaida sana, nguzo hufanywa na mfuo pande mbili, na vipande vya mbao vya upana wa futi sita hivi huteremshwa ndani ya mifuo bila msumari. Faida yake ni kwamba waweza kuvipandisha na kuvitoa, ukapaka mbao mahali pake na nguzo mahali pake, rangi zisichafuane. Mbao ziwe kavu, zipakwe pande zote mbili, na ncha zilizokatwa zipewe rangi mara mbili, kwa kuwa ncha hunywa maji kuliko ubavu. Hapa rangi ya mafuta yafaa, maana mti hauna ukali wa saruji. Mbao zisiguse ardhi. Vidole vinne vya nafasi vyatosha. Oili chafu ya magari isipakwe, kwani huchafua udongo wa bustani, na rangi haitashika juu yake tena.

Kazi yote ifanywe asubuhi au alasiri, fundi akifuata kivuli, maana rangi ipakwayo juu ya nguzo yenye joto hukauka kabla haijashika.

Chokaa huliwa na mvua kidogo kidogo, hivyo haina budi kurudiwa baada ya mwaka mmoja au miwili. Shule ile niliyoitaja iliikwangua rangi yake ya kijani yote, ikangoja kiangazi, ikapaka chokaa kwa mifuko michache tu. Mwalimu mkuu huandika tarehe ya kila mpako kwa penseli nyuma ya nguzo ya langoni, na nilipopita mara ya mwisho nilihesabu tarehe tatu.