Lumumba wa Sinema na Ndimi Alizonyang'anywa

Wanafunzi wangu wa isimu huniuliza iwapo sinema yaweza kutumiwa kufundishia historia. Huwaonyesha Lumumba, filamu iliyoelekezwa na Raoul Peck wa Haiti na kutolewa mwaka wa 2000, kisha nikawataka wafumbe macho na kusikiliza tu.

Wakisikiacho ni Kifaransa, takriban mwanzo hadi mwisho. Sibishi kwamba hotuba ya Juni 30, 1960, siku ya uhuru wa Kongo, ilitolewa kwa Kifaransa. Ilipasa iwe hivyo, maadamu Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, aliyelengwa na maneno yale, alikuwa ameketi papo hapo. Eriq Ebouaney, aliyeigiza nafasi ya Lumumba, anaitoa kwa uzito unaostahili. Lakini Lumumba alizaliwa miongoni mwa Watetela, akafanya kazi ya posta Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani, kisha akawa mtangazaji wa bia huko Leopoldville. Nani auzaye bia mitaani kwa Kifaransa cha mahakamani? Alizungumza Kitetela, Kilingala na Kiswahili, na chama chake cha MNC kilikataa kufungamana na kabila moja. Uwezo huo wa kuvuka mipaka ya lugha ulimsaidia kuwa kiongozi wa nchi nzima, ilhali wapinzani wake wengi walitegemea majimbo yao. Filamu ikiuficha, mtazamaji ataelewaje kwa nini aliogopwa kiasi kile?

Kuna na la pili. Filamu hiyo ilipoonyeshwa na televisheni ya HBO nchini Marekani mwaka wa 2002, ilitiwa sauti za Kiingereza, na jina la Frank Carlucci, aliyekuwa mwanadiplomasia wa Marekani huko Kongo, likafutwa katika mazungumzo. Mwenyewe alikana tukio linaloonyeshwa, na hiyo ni haki yake. Hata hivyo mtazamaji wa Kiingereza alinyimwa nafasi ya kupima madai hayo mwenyewe. Wengine huita hayo uhariri. Mimi nina neno jingine, ila gazeti hili husomwa na watoto.

Lumumba aliuawa Januari 17, 1961, katika Katanga, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na migodini. Mimi sijaiona nakala ya Kiswahili ya filamu hii. Vyuo vyetu vina wanafunzi wa tafsiri wanaohangaika kutafuta mada za tasnifu. Mwalimu mwenzangu, wape hii, na waanze na hotuba ya Juni 30.