UYOGA NI MBOGA, SI DAWA YA FIGO

Uyoga ni mboga nzuri. Lakini wapo watu wanaouza unga wa uyoga na kusema kwamba unaponya figo. Je, tuwaamini?

Kwanza tujue kazi ya figo. Karibu kila mtu huzaliwa na figo mbili. Zipo mgongoni, chini ya mbavu. Kila moja ni kubwa kama ngumi. Figo huchuja damu usiku na mchana. Uchafu na maji yaliyozidi hutoka kwa njia ya mkojo. Figo zikiharibika, uchafu hubaki mwilini na mtu huweza kufa.

Uyoga ni ndugu wa ukungu, ule unaoota juu ya mkate uliolala. Vyote viwili ni kuvu. Wachina wametumia kuvu kama dawa kwa karne nyingi. Lakini mpaka leo haijathibitishwa kwamba unga wa uyoga unaponya figo.

Ipo kuvu moja iliyoleta faida kubwa. Ni ukungu uliopatikana katika udongo wa Norwei. Mwaka 1972 wataalamu wa Uswisi waligundua kwamba dawa itokanayo nao hupunguza ukali wa kinga ya mwili. Dawa hiyo inaitwa saiklosporini. Mgonjwa akipandikizwa figo ya mtu mwingine, mwili wake huiona figo hiyo kuwa adui na kuishambulia. Dawa huzuia vita hivyo. Madaktari wa Cambridge, Uingereza, walianza kuitumia kwa wagonjwa wa namna hiyo mwaka 1978. Hapa Tanzania, Hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017.

Lakini angalia sana. Dawa hiyo hulinda figo mpya, haifufui figo iliyokufa. Tena ikizidi, yenyewe huharibu figo. Kwa hiyo daktari hupima damu ya mgonjwa mara kwa mara. Je, muuza unga anapima damu ya nani?

Uyoga mwingine ni sumu ya figo. Katika miaka ya 1950, nchini Poland, watu zaidi ya 100 walikula uyoga wa porini wenye sumu. Watu 11 walikufa. Wengine walianza kuumwa baada ya wiki mbili, wakati walikwisha sahau chakula kile. Basi usile uyoga usioujua.

Ukivimba uso au miguu, ukikojoa damu au povu jingi, au mkojo ukipungua, nenda zahanati mara moja. Upimwe mkojo na presha. Mwenye presha au kisukari apimwe hata kama hasikii maumivu, kwa sababu magonjwa hayo huharibu figo kimyakimya.

Usingoje kumaliza kopo la unga kwanza. Wakati unangoja, figo zinazidi kuharibika.