Zebaki katika dhahabu ya Busia: Kwa nini kifaa kimoja hakitoshi

Katika machimbo ya Tiira na Syanyonja, wilayani Busia mashariki mwa Uganda, kazi ya siku nzima mara nyingi huishia katika donge la rangi ya fedha, dogo kama punje ya mahindi. Ndani yake mna dhahabu, lakini karibu nusu ya uzito wake huenda ikawa zebaki. Zebaki hiyo sharti iondolewe ili dhahabu ipatikane. Swali ni inaondolewaje, na inakwenda wapi ikishatoka.

Busia ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo hadi mwaka 1997, ilipofanywa wilaya kamili. Miamba yenye dhahabu nayo haitambui mpaka: upande wa Kenya inapatikana hadi kaunti za Siaya na Kakamega, ambako wachimbaji wadogo hutumia njia ileile.

Zebaki hufanya kazi gani?

Mawe hupondwa na kusagwa, kisha unga wake hupitishwa pamoja na maji juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa zulia. Kwa kuwa dhahabu ni nzito, hunaswa kwenye zulia pamoja na mchanga mweusi. Mchanga huo hutiwa zebaki ndani ya beseni na kusuguliwa kwa mkono. Zebaki hushika chembe za dhahabu na kuuacha mchanga. Mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa, na kinachobaki ndicho lile donge.

Hatua inayofuata ni ya moto. Zebaki huchemka katika nyuzi joto 357 za Selsiasi, ilhali dhahabu haianzi kuyeyuka hadi nyuzi 1,064. Makaa ya kawaida yanatosha kuifukuza zebaki na kuiacha dhahabu. Ndiyo maana wengi huliweka donge juu ya kipande cha bati na kulichoma hadharani, wengine katika jiko la nyumbani.

Mvuke wake hauna rangi wala harufu, na barakoa ya kitambaa haiuzuii. Ukivutwa, sehemu kubwa huingia katika damu na kufika kwenye ubongo na figo. Mikono hutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hudhoofika. Mtoto aliye tumboni yumo hatarini zaidi, na katika machimbo ya Busia wanawake ni sehemu kubwa ya nguvukazi.

Kifaa cha machimboni: ritoti

Ritoti ni chungu kidogo cha chuma chenye mfuniko unaokazwa kwa skrubu, na bomba linalotoka juu yake na kuinama kuelekea chini. Donge huwekwa ndani, chungu hupashwa moto, na mvuke hulazimika kupita katika bomba lililopozwa kwa maji au kitambaa kilicholowa. Humo hugeuka tena kuwa zebaki ya maji na kudondoka katika chombo. Ritoti iliyofungwa vizuri hurejesha zaidi ya asilimia 90 ya zebaki, nayo inaweza kutumika tena.

Fundi wa kuchomelea vyuma anaweza kuitengeneza kwa mabomba ya maji, kwa masharti machache. Shaba na alumini hazifai, kwa sababu zebaki huzishika kama inavyoishika dhahabu. Bomba lililopakwa zinki lazima liondolewe zinki hiyo kwanza. Ncha ya bomba isizame ndani ya maji, kwani chungu kikianza kupoa huweza kuyavuta maji na kulipuka. Aidha, mfuniko usifunguliwe kabla chungu hakijapoa kabisa.

Hata hivyo, wapo wanaoikwepa. Uchomaji wa ritoti huchukua muda mrefu zaidi, dhahabu huweza kutoka na rangi ya kahawia isiyompendeza mnunuzi, na zaidi ya yote haionekani wakati inachomwa. Watu watano wanaogawana donge moja hupenda kuliona muda wote. Kupima donge mbele ya wote kabla na baada ya kulichoma huondoa sehemu ya shaka hiyo.

Zebaki inayobaki

Linalosahaulika mara nyingi ni kwamba dhahabu inayotoka machimboni bado si safi. Ina vitundu kama sifongo, na kwa kawaida asilimia 2 hadi 5 ya uzito wake ni zebaki. Mnunuzi anapoiyeyusha kwa moto mkali, zebaki hiyo hutoka yote. Duka linaloyeyusha gramu 100 kwa siku huweza kutoa hadi gramu 5 za zebaki, tena katikati ya mji, karibu na vibanda vya chakula na nyumba za kupanga.

Ritoti ya mchimbaji haifiki hapo. Dukani kinahitajika kifaa kingine: kabati la kuvuta mvuke, lenye feni, mabamba ya kuupoza na chujio la mkaa maalumu. Feni inayotupa mvuke nje kupitia ukutani humlinda mnunuzi, lakini humpelekea jirani sumu. Mvua huirudisha chini, na vijito huipeleka Mto Sio, unaomimina maji yake Ziwa Victoria. Majini, vijidudu huigeuza kuwa aina inayolimbikizana katika samaki.

Kuachana na zebaki

Njia ya tatu ni kutoitumia kabisa. Meza ya kutikisika huchuja mchanga vizuri zaidi, kisha mchanga huo huyeyushwa pamoja na boraksi, ambayo hushusha kiwango cha joto kinachohitajika kuyeyusha madini mengine. Wachimbaji wa Benguet nchini Ufilipino wametumia boraksi kwa miongo kadhaa. Lakini mchanga usiochujwa vya kutosha huharibu kazi, na meza huhitaji umeme na mtaji wa kikundi. Kikundi cha Syanyonja ni miongoni mwa vya kwanza barani Afrika kupata cheti cha Fairtrade cha dhahabu.

Uganda iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2019, na Kenya mwaka 2023. Mkataba huo unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo kuchukua hatua za kukomesha uchomaji wa donge hadharani, pamoja na uchomaji wowote katika maeneo ya makazi.

Kwa mkazi wa mji wa Busia ambaye hajawahi kukanyaga machimboni, swali linabaki pale duka la dhahabu lilipo: bomba linalotoka ukutani limepitia kwenye chujio, au linaishia dirishani kwa jirani?