Nani anapiga deki hapo kwenu?

Tangu tuzungumze kuhusu kununua nyumba, swali moja halituishi: sakafu ya mbao jikoni upake vanishi gani ili idumu? Mimi huwa naanza kwa kuuliza nani anapiga deki. Sitanii. Kwetu hapa Columbus, Ohio, anayepiga deki ni mama, na mama amekulia Tanga kwenye sakafu ya saruji iliyong'arishwa kwa nta nyekundu. Kwake sakafu haijaoshwa mpaka ndoo imwagwe. Sasa mbao zetu ni mwaloni mwekundu wa mwaka 1926, na mwaloni ukinywa maji huvimba, kingo zikainuka, ukaingia weusi usiotoka kwa sabuni.

"Sakafu gani hii mwanangu, inaogopa maji?"

Swali la haki kabisa, na ndilo lililotuchagulia vanishi. Kumwambia mama asioshe jikoni kwake haikuwa mojawapo ya njia.

Kuna mafuta yenye nta, kama Osmo ya Ujerumani au Rubio Monocoat ya Ubelgiji. Hayaweki ngozi juu ya ubao, yanaingia ndani. Yanapendeza mno, na pakichunika unapaka pale pale tu. Lakini maji yakituama karibu na sinki huweza kuacha alama, na yanataka kupakwa tena mara kwa mara. Kwa watu wawili wanaokula nje kila siku, sawa.

Poliyurethani ya mafuta ni ngumu na bei yake nafuu. Inageuka manjano kama asali, wapo wanaoipenda hivyo. Ila harufu yake kali, kila mkono (mafundi wanaita hivyo tabaka moja) unataka karibu siku nzima kukauka, na kukomaa kabisa ni kama siku 30. Kukauka na kukomaa ni vitu viwili tofauti, jamani! Iliyokauka unaikanyaga kwa soksi. Iliyokomaa ndiyo inayostahimili miguu ya viti na maji.

Tukachukua poliyurethani ya maji, ile ya makopo mawili, ambayo unaichanganya na kigumisho chake muda mfupi kabla ya kupaka. Jina linachekesha: vanishi ya maji ya kuzuia maji. Ni ghali, na ukishachanganya una saa chache tu za kuitumia. Lakini kila mkono unakauka kwa saa mbili tatu, harufu ni ndogo, na baada ya wiki moja hivi imekomaa. Tulipiga mikono mitatu. Tulichagua isiyong'aa sana, maana sakafu inayong'aa kama kioo inatangaza kila mkwaruzo.

Kazi yenyewe iko kwenye msasa. Mashine ya kupiga msasa unakodi. Anza na namba 36 au 40, kisha 60, kisha 100, ukifuata nyuzi za ubao, bila kuruka namba. Ukiruka, mikwaruzo ya namba ya kwanza itaonekana vanishi ikishapakwa. Katikati ya mkono na mkono usitumie sufi ya chuma. Mwaloni una tanini, ile ile ya chai ya rangi, na chembe za chuma zikikutana nayo pamoja na maji zinaacha madoa meusi.

Nyumba za Marekani za kabla ya 1978 huweza kuwa na rangi yenye risasi. Pima kabla hujapandisha vumbi, hasa kama kuna mtoto anayetambaa. Vaa barakoa ya maana. Ukitumia vanishi ya mafuta, zima kila mwali wa gesi, hata ule mdogo wa jiko. Vitambaa vyenye mafuta usivikunje ukavitupa kwenye pipa: vinapata joto vyenyewe mpaka vinawaka. Vitandaze nje vikauke. Hata mfuko wa vumbi la msasa usilale ndani ya nyumba.

Halafu kuna matunzo, na hapa ndipo naona wengi wanapoteza pesa. Hakuna vanishi isiyochakaa. Ubao kama wetu una karibu milimita 6 tu za kupigwa msasa kabla hujafika kwenye ulimi unaounganisha mbao, na kila msasa mkubwa unakula sehemu yake. Kwa hiyo usisubiri mpaka mbao iwe wazi. Dondosha tone la maji mbele ya sinki. Likikaa juu kama shanga, tulia. Ubao ukiwa mweusi chini yake baada ya dakika chache, vanishi imeisha hapo. Ngozi ikiwa imefifia tu, unaikwaruza kidogo, unafyonza vumbi, unaongeza mkono mmoja. Kazi ya siku moja.

Mkono huo hautashika kama sakafu imepakwa nta. Kopo la nta ya sakafu ambalo mama alikuwa ameshalinunua, kwa nia njema kabisa, tulimwomba alihamishie kwenye ngazi za saruji za nje. Ndoo ameibakiza. Ila sasa anakamua deki kwanza, na mimi nafuata nyuma na kitambaa kikavu.