Sindano za kupunguza unene: Mama, linda nguvu zako

SIKU hizi hapa Kaptembwo ni nadra wiki kwisha kabla mama wa makamo hajaniuliza juu ya sindano za kupunguza unene. Mmoja amezisikia saluni, mwingine ametumiwa picha yake kwa simu. Swali huwa ni moja: "Daktari, kweli zinafanya kazi?"

Ndiyo, zinafanya kazi. Lakini kuna swali la pili ambalo wengi hawaulizi: Je, kinachopungua mwilini ni nini?

Tatizo lenyewe si la wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzani uliopita kiasi.

Dawa hizi hufanyaje kazi?

Zinazotajwa sana ni semaglutidi (Ozempic na Wegovy) na tirzepatidi (Mounjaro). Zilianza kama dawa za kisukari. Huiga homoni ambazo utumbo hutoa baada ya mlo, hivyo chakula hukawia tumboni na ubongo huona umeshiba. Mtu hudungwa chini ya ngozi mara moja kwa wiki.

Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2021, waliodungwa semaglutidi walipungua uzani kwa wastani wa asilimia 15 hivi katika wiki 68. Baadhi yao walipigwa picha za eksirei maalum, ikaonekana kwamba kati ya kila kilo 10 zilizopotea, karibu 4 hazikuwa mafuta. Humo mlikuwa na misuli. Anayejinyima chakula bila dawa pia hupoteza misuli.

Kwa nini mama wa makamo ajihadhari?

Misuli huanza kupungua polepole tangu miaka ya thelathini. Hedhi inapokoma, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni hushuka na mifupa hudhoofika haraka. Ukiongeza sindano juu ya hayo bila kujitunza, unaweza kuwa mwembamba lakini ushindwe kuinua karai la nguo au gunia la viazi. Kwa mama anayefua au kuuza sokoni, nguvu hizo ndizo unga wa nyumbani.

Fahamu pia kwamba waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja baada ya kuacha semaglutidi walirudisha thuluthi mbili ya uzani waliopoteza. Mafuta hurudi kwa urahisi kuliko misuli.

Jipime nyumbani

Keti kwenye kiti kigumu kisichosonga, kunja mikono kifuani, kisha inuka na kuketi mara 5. Ukipitisha sekunde 15, huenda misuli yako imedhoofika. Mweleze daktari kabla ya kuanza dawa.

Ufanye nini?

• Kula protini kwanza. Hamu ya chakula ikipungua, anza na ndengu kabla ya ugali. Lenga gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili wako kwa siku. Yai lina gramu 6 hivi, gilasi ya maziwa 8, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa 15. Omena na kuku pia ni wazuri. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza.

• Fanya mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki. Mtungi wa lita 5 za maji una kilo 5 hivi, inua miwili. Sukuma ukuta, inuka kitini mara 10. Kutembea hadi mjini kunafaa moyo, lakini hakutoshi kwa misuli.

• Usiharakishe dozi. Kichefuchefu, kutapika, kuharisha na kufunga choo ni kawaida mwanzoni. Maumivu makali ya tumbo yasiyokoma yanaweza kuwa ya kongosho au nyongo. Kimbia hospitalini.

Nani asitumie?

Mja mzito asitumie. Anayetaka mimba aache semaglutidi miezi 2 kabla. Tirzepatidi inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi, na hedhi kurukaruka si kukoma; bado unaweza kushika mimba. Aliye na historia ya saratani ya tezi ya thairoidi, yake au ya jamaa, amweleze daktari, kwani kuna aina inayokataza dawa hizi kabisa. Anayetumia insulini asianze bila dozi zake kurekebishwa, sukari isije ikashuka mno.

Jihadhari na dawa bandia. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu Ozempic bandia iliyopatikana Brazil, Uingereza na Marekani. Sindano hizi huhifadhiwa kwenye friji kabla ya kufunguliwa, kwa hivyo inayouzwa mkobani au saluni usiiguse. Nunua kwa cheti cha daktari katika duka la dawa lililosajiliwa.

Kama bei imekushinda, usife moyo. Chakula na mazoezi niliyotaja humfaa hata asiyedungwa. Anza wiki hii, na ufike kituo cha afya kilicho karibu upimwe sukari na shinikizo la damu.