Mpira Ulioumuliwa: Uteuzi wa Wetisuti ya Kwanza

Wetisuti yangu ya kwanza niliinunua Maskati kwa kutazama jambo moja tu, nalo ni unene. Zilikuwa mbili: moja ya milimita 5 iliyonibana kifuani hata nikaona haya kujitazama katika kioo, na nyingine ya milimita 7 iliyonikaa kama kanzu, nikavuta pumzi kwa raha, nikailipia. Siku ya tatu, katika kina cha mita 18 kando ya visiwa vya Daymaniyat, nilivuna natija ya uteuzi wangu: kila nilipogeuza shingo kumtazama kasa, uzi wa maji ya baridi ulipenya ukosini, ukateremka pole pole kwa njia ya uti wa mgongo mpaka kiunoni, ukajikusanya pale palipobonyea, na maji yale yalipoanza tu kupata vuguvugu la mwili wangu, nilipiga teke moja yakatokea miguuni, na mengine mapya yakashika nafasi. Dakika 25 hazikutimia, vidole vikawa vinatetemeka hata geji ya hewa siwezi kuishika sawasawa. Ilhali mwenzangu, mwembamba kuliko mimi, aliyevaa ya milimita 5 iliyomkaa barabara, alikuwa akimtazama kasa yule kama mtu aliyeketi barazani kwake.

Ajabu ya baridi ya bahari ni kwamba humpata mtu katika maji ambayo mkono wake ukiyagusa huyaita ya moto. Joto la kiwiliwili cha binadamu ni takriban nyuzi 37 za Selsiasi, na bahari ya Unguja, hata katika kaskazi inapokuwa vuguvugu kabisa, aghalabu haizidi nyuzi 29 au 30. Tofauti hiyo si kitu nchi kavu, ambako mtu hulala usiku kucha kwa shuka nyepesi katika hewa ya nyuzi 27 asidhurike, lakini maji hunyonya joto la mwili kwa upesi unaokaribia mara 25 ya ule wa hewa, na mzamiaji hakai humo dakika tano, hukaa 50, akapanda chomboni, akapumzika, akarudi tena. (Neno mzamiaji nalitumia kwa maana yake ya asili, wale wanaojificha katika meli ili wafike Ulaya bila tiketi wana habari yao.)

Watu wengi, na baadhi yao ni wauzaji, husema kwamba vazi hili hupasha mwili kwa maji yaliyoingia ndani yakapata moto wa ngozi. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli, lakini imeweka mkia mahali pa kichwa. Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, aliyebuni vazi hili mwanzoni mwa miaka ya 1950 akiwa na nia ya kuwafaa wapiga mbizi wa jeshi la majini la Marekani, alitambua kwamba si lazima mtu awe mkavu ili asipate baridi, maadamu nguo yenyewe imejaa hewa. Akachagua neopreni, mpira wa kiwandani ulioumuliwa kama mkate wa kumimina, isipokuwa vitundu vyake ni vidogo mno na havipitani, kila kimoja kimefungia ndani yake chembe ya gesi, na gesi hiyo ndiyo blanketi. Maji yaliyoingia ni mgeni tu: yakiwa machache na yakatulia, hayana madhara, yakiwa ya kuingia na kutoka, ni mwizi.

Blanketi hilo lina ila yake. Katika kina cha mita 10 mkandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu ya maji, na katika mita 30 huwa mara nne, vile vitundu vikabanwa, mpira ukasinyaa. Kwa hiyo vazi lililopimwa milimita 7 dukani si la milimita 7 huko chini, na hupungua nguvu mahali hasa ambapo baridi huzidi. Fauka ya hayo, vazi nene na jipya huelea, likamlazimu mvaaji ajifunge risasi nyingi kiunoni ili azame, kisha likisinyaa, risasi zilezile humzidi uzito. Mwanagenzi ambaye bado anajifunza kutulia majini hahitaji mzigo huo ikiwa anaweza kuuepuka.

Basi mnunuzi asijiulize bahari gani anaipenda, bali bahari ipi ni ya baridi kuliko zote atakazoingia. Kwa Unguja, Pemba na Mafia wakati wa kaskazi, milimita 3 hutosha; ukija kusi na kipupwe chake, maji yakakaribia nyuzi 25, atakayezama mara mbili tatu kwa siku ataiona milimita 5 kuwa haki yake. Mambo hugeuka kwa ndugu zetu walioko Omani, na nawataja kwa sababu wengi wao huzama huko mwaka mzima na kuja huku likizo na vazi lilelile begani. Upepo wa kusi, uleule uliokuwa ukiyasukuma majahazi kutoka kwetu kwenda Uarabuni, unapopita kando ya pwani ya Dhofari huyaondoa maji ya juu yakaiacha nchi, na mahali pake hupanda maji ya vilindini, hata bahari ikapoa katikati ya kiangazi. Karibu na Maskati kuna hila nyingine: juu maji ni kama ya kuogea mtoto, kisha mzamiaji akishuka huona mbele yake kitu kinachopepesuka kama mvuke juu ya lami ya adhuhuri, naye akitia mkono chini ya mpaka huo, mkono huwa katika bahari nyingine, na kiwiliwili kikiufuata, pumzi hukatika kwa ghafula. Ama Cape Town, upande wa Atlantiki, ambako maji huweza kushuka hata nyuzi 10, huko ni milimita 7 pamoja na kofia, glavu na viatu, na wengi huacha kabisa mtindo huu wakavaa vazi kavu lisilopitisha maji.

Kwa mtu wa bahari mbili tatu namna hiyo, rai yangu ni milimita 5, ya mikono na miguu mirefu, na kando yake kofia na fulana ya ndani ya neopreni. Joto likizidi, hufungua zipu na kukaribisha maji kidogo. Baridi ikizidi, hana cha kufungua.

Lakini milimita zote hizo ni bure ikiwa vazi halikukaa. Dukani livae juu ya nguo ya kuogelea tu, chuchumaa, inua mikono, vuta pumzi ndefu, geuza shingo huku na huku, kisha mwombe mtu akubonyeze kwenye mbonyeo wa kiuno: akikuta nafasi hapo, au kwapani, au penye mapaja, livue. Likubane kama mkono wa rafiki ashikaye kwa nguvu, lisikukabe koo. Likiwa gumu kuingia, usilivute kwa kucha, maana kucha hulitoboa. Zamani watu walivaa mfuko wa plastiki mguuni ili uteleze, na kwa kuwa mifuko hiyo sasa imepigwa marufuku kwetu, soksi nyembamba hufanya kazi hiyohiyo.

Wetisuti mpya ni ghali, na si aibu kununua ya mtumba. Itazame mishono kwa ndani, vuta zipu mara tatu, kisha bonyeza magoti na mabega kwa dole gumba ukaliachie. Neopreni iliyosuuzwa kwa maji matamu na kuanikwa kivulini hujaa tena mara moja. Iliyochomwa na jua la miaka juu ya kamba huwa ngumu, alama ya dole ikabaki pale pale, na vitundu vyake havina tena kitu ndani.