Kwa nini mashini inakataa kuzimika wakati jenereta inangoja

Kwenye ofisi nyingi za Kindu umeme unatoka kwa jenereta ao sola, na mafuta haingoji mtu. Jioni, mashini za Linux zinaamriwa kuzimika. Moja inakwama: inaandika kwamba kuna kazi inangojewa imalizike, inahesabu sekunde mpaka 90, saa ingine inapita pale. Mtu anachoka, anakata umeme. Reportaji iliyokuwa ingali wazi kwenye programu inaweza kupotea ao kubaki nusu.

Mashini haina ugonjwa. Folda ya pamoja, ile wafanyakazi wote wanafungua kila mtu kwake, kwa kweli iko ndani ya seva. Yale unaandika yanaweza kukaa kwanza katika kumbukumbu ya mashini yako mbele ya kuvuka. Mtandao ukikatwa wakati folda haijaachanishwa, ni sawa mtumbwi umeondoka kwenye Lualaba na magunia yangali ng'ambo ya Alunguli. Na folda za NFS, mfumo uliotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984, kwa kawaida hazikati tamaa: zinaita seva bila mwisho, hata kama imekwisha kuzimwa.

Kwa hiyo seva na kisanduku cha Wi-Fi vizimwe mwisho. Hapo ndipo watu wengi wanakosea.

Ingine ni kazi ya fundi. Systemd, programu inayoongoza kuwaka na kuzimika kwa Linux nyingi za leo, inarudi nyuma: kilichowaka mwisho kinazimwa kwanza. Folda ikiandikwa katika faili /etc/fstab pamoja na neno _netdev, systemd inajua kwamba inategemea mtandao. Asubuhi inangoja mtandao uwake, jioni inaachanisha folda mbele mtandao haujakatwa. Wi-Fi inayowaka tu mtumiaji akiingia iko na matata zaidi, sababu inaweza kufa mara anapotoka. Kebo ni afadhali.

Kwa leo jioni, funga programu zote, halafu andika:

sudo umount -a -t nfs,nfs4,cifs

Ikijibu kwamba folda ingali na kazi, kuna programu inaishika bado; fuser -vm pamoja na njia ya folda itakuonyesha ni gani. Kuna pia umount -l. Hiyo inaondoa folda mbele ya macho upesi, lakini haihakikishi kama kila kitu kimefika. Tuiache kwa siku seva imekufa kabisa.